Kuzuia AC ya paa la kampa isivujishe maji ndani: hatua kwa hatua

Majira ya joto yakikaribia, swali hurudi lilelile kutoka kwa ndugu zetu walioko Marekani na Kanada walionunua kampa, yaani nyumba za magurudumu za kusafiria na kulala, hasa zilizokwisha kutumika: "Maji yanadondoka chini ya AC. Nipake silikoni gani?"

Usipake kitu kwanza. Jua maji hayo yanatoka wapi. Maji yanayodondoka chini ya AC ya paani ni ya aina mbili. Kuna maji ya mvua, yaliyopenya pembeni mwa gasketi (sponji ya kuziba iliyo kati ya AC na paa) au yaliyoingilia tundu jingine kabisa la paa. Na kuna maji ya AC yenyewe, yaani unyevu wa hewa unaogeuka matone unapogusa koili ya baridi. Dawa ya haya siyo dawa ya yale, na anayechanganya mambo haya mawili huishia kuiozesha mbao ya paa huku akiamini ameiokoa.

Ninaposema kampa hapa namaanisha zote: trela inayovutwa na pikapu, na ile yenye injini yake. Nazungumzia zilizotengenezwa Amerika Kaskazini kwa sababu AC zake karibu zote hufungwa kwa mtindo mmoja. Paa lina tundu la mraba la inchi 14 kwa 14, kama sentimita 36 kila upande. AC hukaa juu ya tundu hilo ikiwa imelalia gasketi nene ya sponji, kisha fremu ya chuma iliyo ndani, juu ya kava ya dari, huivuta chini kwa bolti ndefu, kwa kawaida 4. Hakuna skrubu inayopigwa kwenye paa kutoka juu, wala gundi. Kinachozuia mvua ni ile sponji iliyobanwa sawasawa pande zote nne.

Maji ya AC nayo yana njia yake. Hudondoka kutoka kwenye koili hadi kwenye trei iliyo chini yake, hupita kwenye vitundu vidogo vya trei, humwagika juu ya paa, halafu huteremka ukutani kwa nje. Kwa hiyo ukiona kampa inatiririsha maji ubavuni siku ya joto AC ikiwaka, hiyo ni afya.

Vitu vya kuandaa kabla hujaanza

- Ngazi imara, na mtu wa pili. Kazi hii haifanywi peke yako, kwa sababu mmoja hukaa ndani kutazama na mwingine huwa juu.
- Kipande cha plaiwudi na taulo nene au mkeka wa mpira wa kutandika chini yake, ili usikanyage paa moja kwa moja.
- Pima maji ndogo.
- Bisibisi ya nyota, seti ya soketi, na spana ya kupimia nguvu ya kukaza inayosoma pauni-inchi. Ile ya pauni-futi ya magurudumu ni kubwa mno kwa kazi hii.
- Tochi na rula.
- Karatasi za jikoni na kalamu.
- Brashi laini, sabuni ya vyombo, ndoo, mpira wa maji, na kipande cha uzi mnene wa nailoni kama ule wa mashine ya kukatia nyasi.
- Utepe wa alumini, ule wa foili halisi wenye gundi. Utepe wa kitambaa wa kijivu unaachia ukipata baridi na unyevu.
- Gasketi mpya ya modeli yako, endapo utaihitaji. Kibandiko chenye namba ya modeli mara nyingi kinaonekana kutoka ndani ukitoa grili ya filta.
- Kitabu cha mashine. Nitakutajia vipimo, lakini kitabu chako kikisema tofauti, kifuate hicho.

Kuhusu umeme sina mzaha. AC hizi hutumia volti 120. Kuzima kwenye thamostati hakutoshi: chomoa waya wa umeme wa kambini, zima jenereta, zima inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri), na teremsha breka ya AC. Hata ukifanya hayo yote, kapasita (kifaa kinachohifadhi umeme) ndani ya mashine hubaki na chaji inayoweza kukurusha kutoka paani. Kazi zote za mwongozo huu zinafanyika bila kuigusa, kwa hiyo usiiguse.

Na kuhusu paa: si kila paa limejengwa kubeba mtu. Kampa iliyotoka kiwandani na ngazi nyuma yake kwa kawaida inapandika, nyingine uliza kwanza au fanya kazi ukiwa juu ya ngazi. Paa la mpira lenye umande wa asubuhi linateleza vibaya sana. Subiri likauke, vaa viatu vyenye soli laini, tandika plaiwudi yako, na tembea kwa magoti pale inapobidi.

Hatua ya 1: Tambua ni maji gani

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Jibu maswali haya kabla hujashika bisibisi.

Ilidondoka siku kavu ya joto AC ikiwaka? Hayo ni maji ya AC. Gasketi haihusiki, nenda kwenye trei, filta na usawa wa gari.

Ilidondoka wakati wa mvua AC ikiwa imezimwa tangu jana? Hayo ni ya mvua.

Ilidondoka mvua ikinyesha mkiwa barabarani tu, na mkiegesha kwenye mvua ileile panakuwa pakavu? Upepo wa mwendo unasukuma maji chini ya pua ya AC, na gasketi ya upande wa mbele imelegea. Anza hapo.

Maji yalimwagika kwa wingi mara moja, mlipoondoka kambini au mlipokanyaga breki? Trei ilikuwa imejaa kama beseni kwa sababu vitundu vimeziba. Gari lilipoinama, maji yakapanda ukingo.

Ilianza kudondoka saa kadhaa baada ya mvua kukoma, au kesho yake? Hili ndilo linalowadanganya wengi. Maji yameingilia mbali, labda kwenye antena, tundu la hewa la choo au dirisha la paani, yakasafiri kati ya paa na dari hadi yalipokuta nafasi ya kutokea. Tundu la AC ndilo tundu kubwa, basi yanatokea hapo, na AC inalaumiwa kwa kosa lisilo lake.

Kama bado huna hakika, fanya jaribio la karatasi. Kata umeme, fungua kava ya ndani, kisha bandika vipande vya karatasi ya jikoni kwenye kingo nne za tundu. Viandike: mbele, nyuma, kushoto, kulia. Acha AC ikiwa imezimwa wakati wa mvua na utazame kipi kimelowa kwanza na kimelowa kuanzia wapi. Karatasi iliyolowa kwa juu, pale inapogusana na gasketi, inakuelekeza kwenye gasketi. Iliyolowa kutoka kwenye mbao ya pembeni, katikati ya unene wa paa, inakuambia maji yamesafiri kutoka kwingine.

Hatua ya 2: Liweke gari sawa

Weka pima maji sakafuni, kwanza kwa urefu kisha kwa upana. Trei ya AC ina kina kidogo sana, na vitundu vyake viko mahali maalumu. Kampa ikiinama upande usio na kitundu, maji hujaa na kufurika hata kama kila kitu ni kizima. Rekebisha kwa mbao chini ya matairi na kwa jeki ya mbele ya trela. Zile jeki nyembamba za pembeni ni za kutuliza gari lisitikisike, usizitumie kulinyanyua, maana hupinda na fremu huumia.

Baada ya kusawazisha, washa AC siku nzima. Kama tatizo limekwisha, hongera, umeokoa pesa ya gasketi. Ukifika kila kambi anza na pima maji kabla ya kutandika viti.

Hatua ya 3: Kagua kutoka ndani

Kata umeme kama nilivyosema. Toa grili na filta, kisha fungua kava ya dari. Piga picha ya kila waya kabla hujachomoa kitu.

1. Tazama filta. Ikiwa na vumbi la kijivu, hewa haipiti vya kutosha, koili inaganda barafu, na ukizima AC barafu yote inayeyuka kwa pamoja na kushinda uwezo wa trei. Ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ikauke kabisa kabla ya kuirudisha.

2. Mulika gasketi kwa tochi pande zote nne. Mtu wa pili atazame kwa nje kama anaona mwanga. Palipopita mwanga, na maji yatapita.

3. Pima unene wa gasketi kwa rula. Mpya huwa na unene wa inchi 1 hivi, na ikibanwa ipasavyo hubaki karibu nusu inchi, yaani sentimita 1.3. Pima kila upande. Tofauti kati ya pande ni ushahidi kwamba bolti hazikukazwa kwa usawa au paa limebonyea.

4. Choma mbao ya ukingo wa tundu kwa ncha ya bisibisi, taratibu. Mbao nzima inakataa. Iliyooza inaipokea ncha bila ubishi, na mara nyingi ina weusi na harufu ya ukungu. Ukikuta hivyo, usikaze bolti yoyote. Mbao laini itazidi kubonyea. Inabidi ibadilishwe kwanza.

5. Kagua ukuta mdogo unaotenganisha hewa baridi inayotoka na hewa ya joto inayorudi. Kama una mianya, hewa baridi huingia kwenye uwazi kati ya paa na dari, vyuma vilivyomo hutoa jasho, na utaona matone ambayo hayahusiani na mvua wala trei. Safisha, kausha, ziba mianya yote kwa utepe wa alumini. Ni kazi ya nusu saa inayosahauliwa hata na mafundi wa kulipwa, na faida ya pili ni kwamba AC itapoza vizuri zaidi.

Hatua ya 4: Kaza bolti

Mtikisiko wa barabara hulegeza bolti, na sponji yenyewe hunywea kadiri miaka inavyokwenda. Kwa hiyo uvujaji mwingi wa mvua unakwisha kwa kukaza tu.

1. Hakikisha gasketi haijatoka mahali pake. Ikiwa imejikunja au imeteleza, kukaza hakutasaidia, nenda hatua ya 7.
2. Kaza kwa msalaba: mbele kushoto, nyuma kulia, mbele kulia, nyuma kushoto. Kila bolti nusu mzunguko, kisha zunguka tena.
3. Pima unene kila mzunguko. Simama ukifika nusu inchi pande zote.
4. Maliza kwa spana ya kupimia. Vitabu vingi vya AC za Dometic vinataja pauni-inchi 40 hadi 50. Hiyo ni nguvu ndogo, mkono mmoja unatosha.

Onyo: kukaza kupita kiasi ni kubaya kama kulegeza. Sponji iliyobanwa hadi kuwa bapa haina tena uwezo wa kufuata mtikisiko wa paa. Chuma cha chini ya AC hupinda, paa hubonyea, na kuanzia siku hiyo maji ya mvua yatatuama kuizunguka AC yako. Bolti ikiwa inazunguka bila kukaza, usiendelee: uzi wake umekatika au mbao imeoza.

Hatua ya 5: Safisha trei na njia ya maji

Panda juu na toa skrubu za kifuniko cha plastiki. Ziweke kwenye kikombe, maana skrubu iliyoachwa juu ya paa la mpira ikikanyagwa inakuwa tundu jipya. Kama kifuniko kimekaa juani miaka mingi, kishike kwa upole, plastiki huwa imekauka na inapasuka.

Upande wa koili ya baridi mara nyingi una kifuniko cha pili cha bati au sponji ngumu. Kitoe, na hapo utaona trei. Utakuta majani, vumbi lililogeuka tope, nywele za mbwa, na katika majimbo ya kusini viota vya dondora. Wadudu hawa wanapenda vitundu vya AC, na udongo wao ukikauka unakuwa mgumu kama simenti. Lowesha kwanza, subiri, ndipo uondoe. Usichokonoe kwa chuma, utatoboa trei au koili.

Pitisha uzi wa nailoni kwenye kila kitundu hadi uone ncha yake upande wa pili. Piga koili brashi laini kwa kufuata mistari ya mapezi yake, vile vibati vyembamba, juu kwenda chini. Usitumie mashine ya maji ya kasi, mapezi yatalala na hewa haitapita tena.

Sasa jaribu: mimina lita 1 ya maji taratibu kwenye trei, mwenzako akiwa ndani na tochi. Maji yatoke juu ya paa mara moja. Yakichelewa, bado pameziba. Yakidondoka ndani ilhali vitundu viko wazi, trei imepasuka au imeshika kutu. Hapo tafuta trei nyingine, au kama AC ni ya zamani fikiria kuibadilisha yote.

Hatua ya 6: Jaribu kwa mpira wa maji

Umeme ukiwa umekatwa, rudisha vifuniko vya juu. Mwagia maji kwa nguvu ndogo, kama mvua ya kawaida, ukilenga paa kuzunguka AC, si kupuliza ndani ya mashine. Anza nyuma, dakika 10. Kisha pembeni, dakika 10 kila upande. Mwisho mbele. Mwenzako atazame karatasi zilizobandikwa na akupigie kelele ya kwanza ikilowa. Ukimwagia pande zote kwa pamoja utajua panavuja, lakini hutajua wapi.

Kama AC imepita bila tone, sogea kwenye antena, tundu la hewa, dirisha la paani na kona za mbele na nyuma, kimoja kimoja. Maji ya safari huchukua muda kutokea, kwa hiyo subiri kabla ya kuhamia kingine.

Kabla ya hatua ya 7, hilo suala la silikoni

Kampa moja niliyoitwa kuitazama nje ya Houston ilikuwa imezungushiwa silikoni nyeupe chini ya AC yote, tabaka juu ya tabaka, kazi ambayo mwenyewe aliilipia kwenye karakana. Na bado ilikuwa inavuja kila siku, jua kali. Vitundu vya trei vilikuwa vizima. Maji ya AC yalitoka kama yanavyotakiwa, yakafika juu ya paa chini ya mashine, yakakuta ukuta wa silikoni pande zote nne. Hayakuwa na pa kwenda isipokuwa kuinuka hadi kwenye gasketi na kuingia ndani. Tulipoukata ule ukuta upande wa nyuma kwa kisu cha plastiki, yalimwagika yakiwa na rangi ya chai ya rangi. Mbao ya mbele ya tundu tuliitoa kwa vidole.

Watengenezaji wanasema wazi usizibe kuzunguka AC, na sababu ndiyo hiyo. Zaidi ya hapo, silikoni ya kawaida haishiki vizuri kwenye paa la mpira, na ikishapakwa inaacha ngozi ambayo dawa nyingine haitaishika. Silanti (dawa ya kuziba) inayojisambaza yenyewe ina kazi yake: kwenye skrubu na kingo za antena, matundu ya hewa na madirisha ya paani. Chini ya AC haina kazi.

Hatua ya 7: Badilisha gasketi

Ifanye kazi hii kama sponji imekauka, imechanika, imeteleza, au tayari iko chini ya nusu inchi na bado panavuja. AC hizi huwa na uzito wa kilo 35 hadi 45, zaidi kwa baadhi, na ziko kwenye paa linaloteleza. Muwe wawili juu na wa tatu ndani. Chagua siku kavu isiyo na upepo.

1. Kutoka ndani, chomoa waya zote ulizozipiga picha, kisha fungua bolti zote.
2. Inueni AC moja kwa moja juu, mwilaze nyuma juu ya plaiwudi yenye taulo. Msiiburute. Kuburuta huchana paa la mpira, na mchano huo utawagharimu kuliko gasketi.
3. Bandua gasketi ya zamani. Kwangua mabaki kwa kikwanguo cha plastiki. Kwenye paa la mpira aina ya EPDM usitumie petroli, tina wala kisafishaji chochote cha mafuta, kwa sababu mpira utavimba. Sabuni na maji vinatosha, halafu kausha kabisa.
4. Kama paa lina silikoni ya zamani, iondoe yote. Gasketi inahitaji kulala juu ya paa tambarare, hata kipande cha unene wa kucha kinatengeneza mfereji.
5. Kagua mbao tena, sasa unaiona vizuri. Yenye unyevu iachwe ikauke, feni ikipuliza. Kama paa limebonyea, imarisha kingo za tundu kwa fremu ya mbao iliyokatwa kwa kipimo kabla ya kurudisha mzigo.
6. Bandika gasketi mpya kwenye tumbo la AC, si kwenye paa, ikizunguka mdomo wa hewa bila kuuziba. Pakiti nyingi huja na vipande vidogo vya ziada vya sponji. Hivyo ni vya kubeba uzito wa nyuma ya mashine na hukaa mahali kitabu kinapoonyesha. Usivipange kama ukuta, vitazuia maji kutoka.
7. Teremsheni AC wima, pua ikielekea mbele ya gari. Mtu wa ndani aongoze kwa macho hadi ilingane na tundu. Ikikaa upande, inueni tena. Kuisukuma ikiwa imeshalala kunakunja gasketi.
8. Kaza kama hatua ya 4, rudisha waya, ziba mianya ya hewa kwa utepe wa alumini, kisha rudia jaribio la mpira wa maji kabla ya kufunga kava.

Baada ya wiki chache za matumizi pima tena unene. Sponji mpya hulegea kidogo ikishatulia.

Namna ya kuiendesha isijae maji

Anayetoka Mombasa au Dar anaujua unyevu wa pwani ya Texas na Florida kwa ngozi yake. Katika hali hiyo AC hukamua lita nyingi za maji kwa siku, na huyo ni mtu aliyefunga madirisha. Ukipika na kuoga bila feni ya kutolea mvuke, au ukiacha mlango wazi watoto wakiingia na kutoka, unaongeza kazi na kava ya dari itatoa jasho.

Weka feni kasi ya juu saa za unyevu mkubwa. Usizibe matundu mengi ya hewa ili chumba kimoja tu kipoe, kwa sababu hewa ikipungua koili inaganda. Nje kukiwa chini ya nyuzi 24 za Selsiasi (75 za Farenhaiti) usiiache AC usiku kucha kwenye feni ya chini. Filta ioshwe kila wiki mbili kama mnaishi ndani. Bolti na trei kagua mara mbili kwa mwaka, mwanzo wa joto na kabla ya baridi. Maji yaliyobaki kwenye ufa yakiganda hutanua ufa.

Bado inavuja?

*Umekaza na gasketi ni mpya, lakini mvua bado inaingia.* Paa limebonyea. Mwagia maji uone kama yanatuama kuzunguka AC. Kama yanakaa, tatizo ni fremu ya paa, na gasketi ya tatu haitakusaidia.

*AC ina barafu ingawa filta ni safi.* Zima upoozaji, acha feni pekee kasi ya juu hadi barafu iishe, ukiwa umeweka beseni chini. Kisha tazama kihisio kidogo cha baridi kilichochomekwa kwenye mapezi ya koili. Kikichomoka, mashine haijui kwamba inaganda. Kama kipo na mapezi ni safi, huenda gesi imepungua, na AC nyingi za paani zimefungwa kiwandani bila mahali pa kujazia. Muite fundi kabla ya kununua kitu.

*Inadondoka tone moja moja kwenye grili tu, hakuna unyevu juu.* Ni jasho. Hewa baridi inavuja pembeni mwa kava. Rudi kwenye utepe wa alumini.

*Maji yana rangi ya kahawia.* Yamepita kwenye mbao. Usisubiri msimu uishe. Toa kava leo, puliza feni, tafuta chanzo.

*Ukuta wa nje umevimba au unabonyea kama puto ukiusukuma.* Maji yameshaingia kati ya tabaka za ukuta na gundi imeachia. Hiyo si kazi ya siku moja na si ya bisibisi, tafuta fundi wa miili ya kampa. Piga picha zenye tarehe tangu siku ya kwanza uliyoona tone, na hifadhi risiti za gasketi na ukaguzi. Bima za kampa kwa kawaida hazilipi uharibifu wa maji yaliyoingia polepole kwa kukosa matunzo, na utakapobishana nao, kumbukumbu za matunzo ndizo utakazoziweka mezani.